Ufunguo wa Mlango wa Nyuma

4 Februari

Mdogo wangu,

Habari za huko, na kifua chako? Sisi wazima, ila magoti yangu yameanza kununa. Wanao wanakusalimu. Shuleni wameambiwa watengeneze bango la kujikinga na moto, wasaidiwe na mtu wa nyumbani. Mimi nilichojua ni "msicheze na kiberiti". Binti yako, huyu tunayemwita Wakili kwa maswali yake, akaniuliza, "Basi, shangazi?" Mdogo wake kachora moto tu, kamaliza rangi nyekundu yote. Wewe unashinda kwenye sponji na gundi hapo kiwanda cha magodoro, na mafunzo ulipewa. Waandikie. Tangu mama yao afariki, kila kitu wanataka kitoke kwako.

Dada yako


13 Februari

Dada, shikamoo.

Kifua hakijambo, kikohozi cha vumbi tu. Waambie wachore mtu anatambaa, pua karibu na sakafu, maana moshi ndio unaoua mwanzo. Mafuta yakiwaka jikoni wasimwage maji, wafunike sufuria. Na wachore milango miwili, mmoja ukizibwa na moto ubaki mwingine.

Hapa kwetu tunayo miwili. Wa nyuma uko chini yangu, maana watu walikuwa wanaupitishia vitambaa vya wizi. Bosi kaniamini mimi peke yangu, ufunguo nauvaa shingoni. Wenzangu wananiita Bwana Funguo. Wivu tu huo.

Mdogo wako


27 Februari

Bwana Funguo, marahaba. Hatujambo, na wewe tunakuombea hivyo.

Bango limebandikwa darasani. Ila nilipowasomea barua yako, Wakili alinikatiza: "Baba akienda chooni, mlango anaufungua nani?" Nikamwambia amalize kupaka rangi, lakini neno lile limenikaa rohoni. Watu wangapi wamo humo ndani? Mlango uache wazi. Bosi akikataa, ufunguo ukae hapo hapo mlangoni. Sikuombi, nakuagiza. Mgongo uliokubeba ni huu wangu.

Dada yako


9 Machi

Dada, shikamoo. Mimi mzima.

Mmenishinda, wewe na Wakili wako. Bosi hataki mlango uwe wazi, kwa hiyo nimepigilia msumari pembeni ya kitasa, ufunguo unaning'inia hapo. Tuko thelathini na mmoja. Mama mmoja mshonaji, anayekaa mashine ya mwisho, hatua mbili kutoka mlangoni, kanicheka eti nimevuliwa cheo. Mwambie Wakili baba kamsikia.

Mdogo wako


2 Aprili

Mdogo wangu,

Redio imetaja kiwanda cha magodoro kilichoungua huko kwenu. Majina hawakutaja. Mwalimu kanisaidia kupiga simu ofisini kwenu, haipokelewi. Watoto sijawaambia, redio nimeificha kabatini. Naogopa. Andika neno moja tu, hata "nipo".

Dada yako


19 Aprili

Dada, shikamoo.

Nipo. Mikono imeungua, anayeniandikia ni muuguzi.

Ufunguo ulikaa msumarini siku tisa. Siku ya kumi kitambaa kikapungua, bosi akanitukana mbele ya watu, nikauvaa tena. Hakuna aliyenilazimisha, dada. Niliona aibu.

Siku ya moto nilikuwa getini napokea gundi. Feni ilitoa cheche, sponji zilizorundikwa mlango wa mbele zikashika. Nilizunguka nyuma mbio. Niliwasikia wanagonga, wananiita. Nilipofungua walitoka kumi na wanane. Kati ya wale kumi na wawili waliokufa, yule mama wa mashine ya mwisho yumo. Alikuwa wa mbele kabisa mlangoni, moshi ulishamuua.

Bosi anataka niseme ufunguo ulikuwa msumarini, ila kwa moshi hawakuuona, na mimi nilifungulia wa akiba. Ananikumbusha nina watoto. Polisi wanakuja Jumatatu. Niambie la kusema.

Mdogo wako


25 Aprili

Mdogo wangu, pole na mikono. Nimelia nikachoka.

Sema kama ulivyoniandikia mimi. Ukifungwa, watoto ninao, watakula ninachokula. Usimsingizie mama wa watu aliyekufa akikuita.

Dada yako


8 Mei

Dada, shikamoo. Vidonda vinakauka.

Barua yako ilichelewa. Polisi walikuwa wameshakuja, na nimesema alivyotaka bosi. Nimeweka dole gumba.

Jana binti wa yule mama alikuja wodini. Anauliza kwa nini mama yake hakuuchukua ufunguo, na alikuwa hatua mbili tu. Anasema mama yake hakuwa mtu wa kuchanganyikiwa, au alikuwa? Nikamwambia ni moshi. Akanishukuru kwa kuwafungulia, akaniachia machungwa.

Siwezi kuyala. Watoto usiwaambie.

Mdogo wako


16 Mei

Leo sikusalimii. Ulizia huyo binti anapokaa. Nafika Alhamisi kwa basi la asubuhi. Tutaanza kwake, utamwambia mwenyewe nikiwa nimesimama hapo. Polisi baadaye.

Dada yako