Shikamoo kwa Bwana wa Msafara

Kabula, usinipigie, bado nina hasira. Soma tu.

Si unaijua ile bustani mpya ya michezo, yenye mabembea? Ndani wamefungua mgahawa wa mambo ya misafara ya zamani. Mahema, ngoma, wahudumu wamevaa kanzu. Nikampeleka mama mkwe, kaja jana kutoka Usoke.

Mlangoni kuna kijana kajipiga kilemba, kakalia kiti kirefu. Eti yeye ndiye bwana wa msafara, sisi wapagazi wake! Eti hupewi meza mpaka umwamkie. "Semeni shikamoo bwana!"

Shikamoo! Kwa Masolwa! Masolwa huyu wa kwaya yetu, niliyembeba mgongoni mimi!

Mume wangu Xavery ananinong'oneza, "Mama Shukrani, ni mchezo tu." Watu nyuma yetu wanacheka, wanarekodi kwa simu. Nageuka, mama mkwe ameshaanza kupiga magoti.

Magoti, Kabula! Bibi mzima, kadhani ndiyo adabu ya mjini.

Nikamdaka. Nikasema kwa sauti, "Mama, simama. Huyu ni mtoto."

Hata ngoma ikanyamaza. Nikamkazia macho Masolwa.

Akavua kilemba. Akashuka kwenye kiti. "Shikamoo bibi. Shikamoo mama."

Mama mkwe akaitikia, "Marahaba, mjukuu wangu. Haya, tuonyeshe pa kukaa."

Tumekaa meza ya mbele kabisa, tumekula kuku tukashiba.

Sasa hiyo video ikifika kwenye kundi la kwaya, usiniulize kama ni mimi. Ni mimi.