Dawati la Nyuma

Dada yangu,

Hatujambo, na goti la mama limepoa. Ila huyu mwalimu mkuu mpya simwelewi. Kila asubuhi anaingia darasani kwangu, anakaa dawati la nyuma kabisa, kimya. Nikajua ananitafutia sababu anifukuze.

Jana akasema, "Mwalimu, leo nafundisha mimi. Wewe kaa pale ninapokaa."

Nikakaa, roho juu. Jua la dirishani lilipiga ubaoni, sikuweza kusoma hata neno. Binti wa pembeni, yule ninayemwita Mzembe, akaninong'oneza, "Usijali, mwalimu. Sisi huku huwa tunabahatisha."

Si mkuu angeniambia tu?

Leo nimegeuza madawati yote. Mkuu akachungulia mlangoni, akaenda zake. Sasa najiuliza, mbona hakukaa?

Mdogo wako, roho bado juu.