Jeni Nzima ya Shemeji

Chumba cha Juu,
Nyuma ya Karakana ya Magodoro.
9 Juni

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Mgongo umepoa? Wifi na wanao hawajambo? Sisi tunapumua, ila habari ninazokuletea ni chungu na sijui nizipunguze vipi makali.

Majibu ya mpwa wako Kicheko yametoka. Umri wa shule umefika, hata "mama" hasemi, kazi yake ni kucheka kutwa. Dada aliniomba niwasindikize hospitali, na shemeji akaja na ovaroli yake ya ufundi friji.

Daktari alieleza taratibu kwamba tatizo lake liko kwenye jeni moja, chembe ya urithi. Jeni hiyo tunazaliwa nazo mbili, ya mama na ya baba. Alama za kuzitofautisha huwekwa kabla ya mimba, na kila seli inapogawanyika huzinakili. Ndiyo maana seli za ubongo hukumbuka kuinyamazisha ya baba maisha yote, zikategemea ya mama tu. Kicheko ya mama hana. Ilipotea yai lilipokuwa likiumbika, bahati mbaya tu.

Shemeji akauliza, "Kwa hiyo yangu ni nzima?"

"Nzima, lakini imenyamazishwa. Haimsaidii."

"Mimi nimeuliza kama ni nzima."

Daktari aliposema hakuna wa kulaumiwa, alikuwa anauambia mlango. Shemeji kashatoka.

Kaka, neno hilo la "nzima" amelitembeza mtaa mzima. Mama yake alimwambia Dada mbele ya wapangaji, "Mwanangu alitoa kizima, wewe ukatoa tundu." Dada aliendelea kumfuta mtoto mate.

Jumamosi wakamtolea Dada vitu nje. Shemeji mwenyewe alibeba kitanda cha mtoto, na Kicheko akamfuata akipiga makofi, akidhani ni mchezo. Akamkumbatia baba yake mguu, akacheka mpaka sauti ikakauka. Shemeji alimbandua kama mtu anayevua soksi mbichi.

"Mchukue mwanao," akamwambia Dada.

Sasa wako kwangu, tunabanana.

Jana Dada alirudi kwa daktari kuuliza kama kuna dawa. Akaambiwa bado, ila watafiti wanahangaika kuiamsha ile jeni ya baba. Alikaa kitandani na viatu vyake miguuni.

"Mwanangu akija kusema," akaniambia, "atasema kwa jeni ya yule."

Mpe Wifi salamu zangu, na wanao uwabusu. Dada anakusalimu, kalamu nimempa, akanirudishia. Mungu awafunike huko mliko.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye,
Kitinda mimba