Kwa Miguu Mpaka Kagugu

Jumanne, 12 Agosti

Mwanangu Keza amemimina uji ndani ya buti langu. Sasa hivi. Niligeuka tu kuchukua kitambaa. Akatia mkono ndani, akakoroga, akalamba vidole, akanitazama kama anayenikaribisha mezani. Nilitaka kumfokea nikashindwa. Nimecheka mpaka nimekaa chini. Buti lenyewe la kuazima, la bosi wangu Madamu Solange, na linanibana. Nimelisuuza. Nitalivaa hivyo hivyo, bichi.

Kazini Ndera, kwa farasi wa Madamu, tangu asubuhi. Samadi, maji, majani. Halafu saa yangu na Gaju kabla Madamu hajaenda ofisini kwake. Leo nimempanda bila kufungua mdomo. Kazi ngumu. Gaju nilimfundisha kwa sauti, nikimwimbia kama ninavyombembeleza Keza, maana alipokuja kwetu alikuwa anauma watu. Wateja wa Jumapili walimvuta hatamu mpaka mdomo ukawa mgumu kama ubao. Lakini kwenye dresaji, mashindano ya farasi mbele ya jaji, sauti hairuhusiwi. Farasi anatakiwa akusikie kwa kiuno na kwa pumzi, basi.

Alisimama katikati ya uwanja, akageuza masikio nyuma kunitafuta. Kama anauliza, umeninunia?

Niliumia. Lakini sikuimba.

Alhamisi, 14 Agosti

Tumekubaliwa! Madamu kanionyesha kwenye simu yake. Dativa, na jike la rangi ya kahawia, jina Gaju. Siku kumi za mafunzo huko Kagugu, mwalimu Mreno. Unalala huko huko na farasi wako, awe farasi uliyemtayarisha mwenyewe. Tunaanza Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Ufike kabla ya chakula cha mchana. Usipofika, nafasi anapewa mwingine.

Madamu ameahidi, nikimaliza nitakuwa mwalimu wa watoto hapa Ndera. Mimi. Niliyeishia darasa la sita kule Karagwe, kabla hatujarudi Rwanda.

Nimemwambia mama mkwe jioni hii. Alikuwa anachambua maharage, hata hakuinua kichwa. Akasema Gaju ni jina la ng'ombe, na ng'ombe anatoa maziwa, huyo wako anatoa nini?

Nikamwambia ananitoa mimi kwenye samadi.

Akasema nina mdomo. Ninao.

Jumanne, 19 Agosti

Leo kashika. Natoa pumzi yote, nakaa nzito kama gunia la viazi, na Gaju anasimama. Miguu minne imelingana. Nikajaribu tena, akasimama tena. Nilimkumbatia shingo, nikanuka jasho lake mpaka nyumbani Kabeza, watu kwenye moto, zile pikipiki za abiria, wananikwepa.

Duara la kulia bado. Anabana bega, anakimbilia kona. Ni kosa langu, nakaa upande kwa sababu Keza namzoeza nyonga ya kushoto. Sasa nambeba kulia pia. Analalamika. Azoee.

Jumapili, 24 Agosti

Nina hasira. Naandika haraka.

Tumetoka kanisani, mama mkwe kasema hatamlea Keza hizo siku kumi. Alikuwa amekubali! Mbele ya Faustin alikubali. Sasa anasema ni kirazira, mwiko, mwanamke kupanua miguu juu ya mnyama, tena anayenyonyesha, eti maziwa yataharibika na mtoto atadhoofika. Nimepanda farasi tangu Keza hajaota jino. Mtoto ana mashavu kama maandazi. Huo udhoofu uko wapi?

Nikamwambia, mama, nakuheshimu, lakini naenda.

Akasema, nenda, na mtoto wako mgongoni tuone.

Faustin alikuwa anatazama viatu vyake. Mume wangu ni mtu mzuri, anakaanga chapati kwenye kibanda chake toka alfajiri, hajawahi kunipigia kelele. Lakini leo nilitaka aseme neno moja tu. 

Sawa. Keza atakuwa mgongoni. Sitaomba ruhusa ya mtu. Kama wameandika mahali kwamba watoto hawaruhusiwi, mimi sijaona.

Jumatano, 27 Agosti

Lori. Mungu wangu, lori.

Madamu alikodi Fuso la kubebea ng'ombe, tujaribu kabla ya Jumamosi. Gaju akafika kwenye ubao wa kupandia akasimama. Nikamwacha afikirie. Dereva hana muda wa kufikiria. Akamchapa fimbo matakoni kutoka nyuma, bila kuniambia. Gaju akaruka juu, akateleza, akakwangua goti. Damu.

Sikumbuki vizuri nilivyofanya. Madamu anasema nilimnyang'anya yule baba fimbo nikaivunja kwa goti, na nikamwita maneno ambayo hata Karagwe hayasemwi kwa baba wa watu. Yeye akapiga kelele, kwamba mwanamke mwendawazimu, mmpeleke hospitali ya vichaa, si iko hapa hapa Ndera! Akaondoka na Fuso lake tupu.

Goti si baya. Limeoshwa, limepakwa dawa, anakanyaga sawa. Lakini sasa akiona kitu chochote chenye ubao anarudi nyuma.

Nimelia bandani, kichwa kwenye ubavu wake. Kidogo tu.

Alhamisi, 28 Agosti

Madamu kaniita. Kwa upole, ndiyo inayoudhi zaidi. Anasema lori jingine halipatikani, na hata likipatikana Gaju hapandi. Kwa barabara haiwezekani, anaogopa mabasi, honi moja tu anaweza kumwangusha mtu chini ya magurudumu. Hilo ni kweli, siwezi kubisha. Mwakani utaenda, Dativa. Mpwa wake Lisa ana farasi ambaye tayari anakaa Kagugu. Anaweza kuchukua nafasi yetu.

Mwakani. Lisa ni msichana mzuri, sina ugomvi naye. Lakini farasi wake kamtayarisha nani? Wafanyakazi.

Nilirudi kufagia. Nafagia, nafikiria. Barabara, mabasi, honi. Barabara, mabasi. Halafu fagio likasimama lenyewe. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni umuganda! Mji mzima uko na majembe, unasafisha mitaro. Maduka yamefungwa. Hakuna basi, hakuna moto, hakuna gari mpaka umuganda uishe. Kutoka hapa mpaka Kagugu barabara tupu.

Nikamkimbilia Madamu getini, alikuwa ameshawasha gari. Akasema watakusimamisha, Dativa, siku hiyo watu hawatembei ovyo. Nikasema wanisimamishe. Akasema huo ni wazimu. Nikasema nipe mpaka Jumamosi mchana. Nisipofika, Lisa apande.

Akafikiri. Akasema haya.

Ijumaa, 29 Agosti

Faustin alifunga kibanda mapema akapeleka begi letu Kagugu kwa moto. Nepi, sufuria ndogo, nguo zangu. Sikumwomba. Aliporudi akasema nyumba ya huko ina maji ya moto. Hivyo tu. Nilimpenda sana kwa hayo maji ya moto.

Mimi na Keza tunalala Ndera leo, chumba cha majani, ili tuondoke vizuri kesho.

Mama mkwe hakuniaga.

Jumamosi, 30 Agosti

Miguu yangu inawaka moto. Lakini naandika yote, nisije nikasahau.

Tulitoka barabara ilipotulia. Keza mgongoni kwenye mbeleko, Gaju mkononi. Sikumpanda, na mtoto siwezi, na sikutaka. Tulitembea bega kwa bega. Vumbi la Agosti, jua bado dogo. Sijawahi kusikia Kigali kimya namna ile. Nilisikia kwato tu kwenye lami, na majembe huku na huku, na Keza anaongea na mkia.

Mpaka Zindiro hakuna aliyetusimamisha. Watu waliacha kazi kututazama. Mmoja akauliza hiyo ng'ombe pembe yake iko wapi. Nikamwambia ameiacha nyumbani, leo ni siku ya usafi. Wakacheka, tukapita.

Kibagabaga ndipo tulipokamatwa. Kundi kubwa linachimbua mtaro kando ya barabara, na shefu wao, kiongozi wa mtaa, baba mmoja mwenye kofia na kipaza sauti kifuani, anatoa amri ambazo hazikuhitaji kipaza sauti. Akanielekezea hicho kipaza sauti.

"Wewe mama! Simama hapo! Sisi tuko kazini, wewe uko kwa matembezi?"

Gaju akainua kichwa, macho meupe. Nikamtuliza. Nikasema naenda Kagugu, masomoni.

"Masomo na punda? Umetoka wapi?"

"Ndera."

Basi. Mtaro mzima ukalipuka kicheko. Mwenye akili timamu hasemi Ndera vile, huku ana mtoto mgongoni na farasi mkononi. Mama mmoja alicheka mpaka akakaa juu ya ndoo yake. Uso ulinichoma. Shefu akasema hapiti mtu hapa bila kufanya umuganda, hata akitoka mbinguni.

Nikamwambia, nipe jembe.

Akanipa, nadhani alitegemea nibembeleze. Nikamwekea hatamu mkononi. Nikamwambia, basi nishikie, shefu. Ila usipaze sauti. Anaogopa sauti.

Alibaki ameshika hatamu kama mtu aliyeshikishwa nyoka. Mimi nikaingia mtaroni nikachimba. Na nilichimba kweli, sikuwa nacheza, matope mpaka kwenye goti na Keza anarukaruka mgongoni. Shefu hawezi kusogea. Hawezi kupiga kelele. Akitaka mtu aondoe jiwe, ananong'ona.

"Ondoa ile jiwe."

"Hatusikii, shefu!"

"Ile jiwe..."

"Ongeza sauti, shefu! Tumia mashini!"

Akikaribia kupandisha sauti, Gaju anamtazama, naye anashuka tena. Watu walifanya kazi huku wanafuta machozi. Yule mama wa ndoo akaja kuchimba pembeni yangu, akaniuliza mtoto anaitwa nani, akaniambia bega lako la kulia liko nguvu, dada. Halafu Gaju akamwekea shefu kidevu begani, akamwachia na pumzi ndefu ya majani kwenye shingo. Yule baba akafumba macho.

"Mama," akanong'ona. "Enda. Umuganda yako imekwisha. Chukua mnyama yako."

Wakatupigia makofi. Nikainamisha kichwa kama malkia, matope yote yale.

Lakini tulipoteza muda. Tulikuwa tunaiona Kagugu juu pale umuganda ulipokwisha, na magari yakatoka yote kwa pamoja kama maji. Basi likaja nyuma yetu kwenye mlima, linanguruma. Nikasikia Gaju anajikunja, nyama zote za shingo zimekuwa jiwe. Hapakuwa na pembeni pa kwenda, ni mtaro tu. Nikafikiria Keza mgongoni. Kitu cha kwanza kilichonijia ni kupiga kelele.

Nikatoa pumzi. Yote. Nikasimama mzito.

Akasimama. Anatetemeka mpaka masikio, lakini miguu minne chini, imelingana. Basi likapita na honi yake na upepo wake. Hakusogea.

Ndipo nikamwimbia. Kwa sauti kubwa, mpaka juu ya mlima. Barabarani hakuna jaji.

Getini dada mwenye orodha ya majina akatutazama juu mpaka chini. Akasema mtoto hakuandikwa. Nikasema na mimi sikuandika kwamba sina. Akafungua geti. Lisa alikuwa pale, farasi wake ameshatandikwa. Sahani za chakula cha mchana zilikuwa bado hazijapangwa mezani. Nilihakikisha.

 Lisa akafungua mshipi wa tandiko lake, akaja kunishikia Gaju ninywe maji.

Jumapili, 31 Agosti

Asubuhi nzuri. Mawingu kidogo.

Gaju kalala usiku, ubavuni kabisa, kama mtoto. Goti halijavimba. Keza amepata rafiki. Mpishi wa hapa ni Mama Sharifa, wa Bukoba, Kiswahili chake kinaniponya masikio. Amemkalisha Keza chini ya meza ya jikoni na majani ya kabichi, na wote wawili wameridhika.

Mama mkwe kapiga simu. Akauliza mtoto amekula? Nikasema amekula. Amenyonya? Amenyonya. Farasi hakumtaja, na mimi sikumtaja. Akasema usiku huko kuna baridi, mfunike kichwa. Nikasema sawa, mama.

Tumepanda leo kwa mara ya kwanza mbele ya mwalimu. Ni mzee mwembamba, anatembea kama mtu mwenye soksi kwenye nyumba yenye wagonjwa.  Duara la kushoto, zuri. Duara la kulia, Gaju akabana bega, nikamsubiri, akaachia. Siyo lote. Kidogo. Tukasimama katikati kwa pumzi moja. Mwalimu akaja, akaweka kiganja shingoni mwa Gaju, akakiacha hapo. Akauliza kitu kwa lugha yake. Dada wa getini akatafsiri, anataka kujua nani kamtayarisha huyu jike.

Wengine walikuwa wanasikiliza kwenye uzio.

Nikasema, mimi.

 Mwalimu akatikisa kichwa kukubali, akaniambia nimlegezee hatamu, akapumzike.

Sasa yuko hapa mbele yangu, anakula nyasi. Mkia unafukuza nzi. Nimevua viatu. Hakuna anayenitaka popote, na kwa mara ya kwanza toka mwezi uanze sina mtu wa kubishana naye. Nilifikiri nitakuwa na mengi ya kuandika leo, kumbe nataka tu kukaa nimwangalie. Kesho atatufundisha kusogea kwa ubavu, na mimi nimeshaanza kuwaza nitakavyowaeleza watoto wa Ndera, nitawaambia kwanza washushe mabega, halafu

Mama Sharifa ananiita jikoni, Keza ameshika bakuli la uji na buti la mtu. Naenda.