Eda Isiyo na Siku ya Kwanza

Jumatatu, 6 Aprili

Nimemaliza kupalilia ufuta upande wa barabara. Mgongo unauma. Nimempikia mama mkwe kisamvu. Amesema chumvi haitoshi, kisha amekila chote.

Mume wangu Athumani ametuma ujumbe wa sauti kutoka melini. Wamepakia ngano. Injini inawasumbua, anashinda huko chini, mafuta mpaka kwenye nywele. Mkataba ukiisha anarudi Mtunda, hatoki tena. Nimeusikiliza mara mbili, mara ya pili na mama.

Redioni: nchi kubwa moja imeingiza jeshi kwa jirani yake na kuchukua kipande cha ardhi. Inasema ni ya mababu zake.

Jumamosi, 18 Aprili

Nchi ile sasa ina jina hapa kwetu. Aliyeipa ni Mwalimu Mathayo wa shule ya msingi, Mnyamwezi, mtani wetu. Alipita kuomba mihogo, akatukuta tunasikiliza habari.

"Nyie Wandengereko ndio mngepaswa kuwafundisha wenzenu duniani. Huyu ni Kiboko. Kaingia shamba la mtu, kaonja mpunga, hakuna aliyegonga hata debe. Atarudi."

"Kiboko utamjulia wapi, Mnyamwezi we?" mama akamjibu. "Kwenu asali na maneno tu."

Mwalimu alicheka mpaka chai ikamwagika. Nami nilicheka. Wakubwa wa dunia wamekutana, wametoa tamko. Kipande kimebaki kwa Kiboko.

Alhamisi, 7 Mei

Kiboko amerudi. Safari hii si kipande, ni nusu ya nchi ya jirani, pamoja na bandari. Jirani ana rafiki aliyeapa kumlinda. Rafiki ameingia vitani. Kiboko naye ana rafiki. Ameingia.

Nauli ya bodaboda kwenda Kibiti imepanda. Nimemwandikia Athumani ashuke bandari yoyote, aache na mshahara. Amejibu: mkataba. Amejibu pia kwamba bahari ni pana, hao wanapigania nchi kavu. Nimekasirika. Sikumjibu siku nzima.

Ijumaa, 22 Mei

Mkubwa mwingine, mbali kabisa na Kiboko, ameona mwenzake hakufukuzwa. Naye amevamia visiwa vya jirani yake. Sababu ni ile ile, mababu. Kila mtu ana babu.

Rafiki wa visiwa ni rafiki wa jirani wa kwanza. Kwa hiyo vita viwili vimeungana kuwa vimoja. Mtangazaji amesema "vita vya dunia".

Barazani vijana wanabishana kama kwenye mpira, huyu na Kiboko, yule na wapinzani wake. Nimepita bila kusalimu. Si adabu, najua.

Mama ameuliza inakuwaje vita vya dunia na sisi hatumo. Tumo. Athumani yumo.

Jumapili, 14 Juni

Athumani kimya. Simu yake haiiti. Meli za mizigo sasa zinapigwa na pande zote mbili, kila upande unataka mwenzake afe njaa.

Mnada wa ufuta Ikwiriri umeahirishwa. Wanunuzi hawana meli ya kupakia. Nimepanga magunia ukumbini juu ya mbao, mchwa wasiyafikie. Nimefagia. Nimefagia tena.

Jumatano, 17 Juni

Wakala wa meli amepiga simu kutoka Dar. Meli ya kina Athumani imepigwa kombora. Baadhi wameokolewa, majina bado. Aliongea kwa upole sana. Upole wake ndio ulionitisha.

Nimemwambia mama. Akasema tusubiri majina. Aliendelea kupepeta mchele. Alipepeta hata uliokwisha kupepetwa.

Jumatatu, 29 Juni

Amepiga simu baharia mwenzake Athumani, mtu wa Pemba, aliyeokolewa. Yuko hospitali ya ugenini. Alianza kwa kuniomba radhi, kana kwamba kombora alilirusha yeye.

Athumani alikuwa chini, kwenye injini. Kombora liliingia huko huko. Waliokuwa chini hakutoka hata mmoja.

Nimemuuliza siku. Hajui. Ijumaa au Jumamosi, anasema, au kabla yake. Walielea, wengine wakapoteza fahamu, siku zikamchanganya.

Sikulia. Nilikuwa na unga mikononi. Nilinawa.

Alhamisi, 9 Julai

Mama amekataa tanga. Ndugu wamekuja, wamekaa, wameondoka. Jamvi halijatandikwa. Anasema hakuna maiti, hakuna kaburi, hakuna msiba.

Ana sababu yake. Babu yake alichukuliwa kubeba mizigo katika vita vya Wajerumani na Waingereza, humu humu deltani na kwenda kusini. Ikaja habari kwamba amekufa. Wakamwekea tanga, mkewe akakaa eda, akamaliza, akaolewa. Kisha babu akatokea kwa miguu. Akamkuta mwanamume mwingine anakula kwenye sahani yake. Mama anasema babu yule hakuongea tena na mtu mpaka alipozikwa kweli.

"Hutamfanyia mwanangu hivyo," ameniambia. Ni mara ya kwanza kusema nami bila kuniita mimi "mwanangu". Imeniuma kuliko nilivyotegemea.

Nimekwenda kwa sheikh. Eda ya mfiwa ni miezi minne na siku kumi, na huhesabiwa tangu siku aliyokufa mume, si siku ya habari. Basi yawezekana nilikwisha kuwa mjane huku nimevaa kanga nyekundu na hina mikononi. Nimemuuliza nianze kuhesabu lini. Akasema shika siku uliyo na yakini nayo. Sina siku hiyo. Mimi ninayeandika tarehe ya kila kitu.

Naogopa kusema amekufa. Naona kama nitakuwa nimemuua mimi.

Jumamosi, 18 Julai

Mwalimu Mathayo amekuja. Hakubisha hodi. Aliingia uani akiburuta kidogo mguu wa kushoto, kichwa upande, mwendo wa Athumani mtupu. Akasimama mbele ya mama, mikono kiunoni.

"Mama! Nimerudi. Kisamvu kiko wapi? Na leo msinipe kile kisicho na chumvi, baharini nimekunywa ya kutosha!"

Sauti ilikuwa ya Athumani. Wanawake wa jirani walipiga kelele. Nilicheka. Wallahi nilicheka, mkono mdomoni. Mama pia alicheka, kwa nguvu, akaokota pawa la kuchotea mchuzi kumpiga nalo.

Pawa likabaki hewani.

Mtani hamwigizi mtu aliye hai hivyo. Kila mtu hapa anajua. Mwendo wa mtu na sauti yake mtani huvivaa msibani tu, siku mwenyewe hawezi tena kuvitumia. Mama alicheka kama mfiwa, na alijua kwamba amecheka.

Alikaa chini udongoni. Ndipo alipolia. Mwalimu alichuchumaa pembeni yake. Naye alikuwa analia, na bado kichwa kikiwa upande, kana kwamba hawezi kukirudisha.

"Tandikeni jamvi," mama alisema.

Nimekwenda kunawa hina. Haitoki kwa maji. Nimevaa nyeupe. Ninaanza kuhesabu leo.

Jumanne, 11 Agosti

Sitoki. Shemeji amevuna mpunga bondeni, amesema si mbaya. Ufuta bado ukumbini.

Redio imetaja nchi nyingine iliyoingia. Mama akaniomba nipunguze sauti. Nimezima.

Mchana tumechambua kunde, yeye upande wake, mimi upande wangu wa ungo. Ameniita mwanangu, akiomba maji.

Siku hizi analala chumbani kwangu baada ya adhuhuri. Anasema kuna upepo. Hakuna. Anakoroma kidogo. Namwacha.