Baba, Ungeniambia Kuhusu Macho Yako

Baba yangu,

Ni mwaka wa nane tangu tukuzike kule Waithaka, na bado nina neno na wewe.

Unakumbuka zile Jumanne na Ijumaa? Wenzangu wakienda shule, wewe ulinipeleka soko la Dagoretti nikuchagulie nyanya za kuuza. "Huyu ana mkono mzuri," uliwaambia wenzako. Mkono gani? Ulitaka macho yangu. Ulibonyeza nyanya, ukainusa, kisha ukaniinamia sikioni: "Hii imeiva?" Siku mbili kati ya tano, miaka minne. Mwalimu wa hesabu alipokuja nyumbani kuuliza, ulimwambia mtoto hapendi shule. Nilikuwa nyuma ya mlango. Hesabu ndiyo niliyoipenda kuliko yote.

Nilijijenga mwenyewe. Leo nina duka la uchapishaji kule River Road, mashine tatu. Kijana wangu wa pili, Njoroge, ananisaidia tangu amalize kidato cha nne. Ana jina lako, na kwa desturi yetu mimi humwita Baba.

Mwezi uliopita alitengeneza programu za mazishi, nakala mia mbili. Wenyewe walipokuja kuzichukua, binti mmoja aliigeuzageuza moja, akaniuliza:

"Mathee, huyu ni shosho yetu ama ni sukuma wiki?"

Kwenye picha, uso wa marehemu bibi yao ulikuwa kijani kama mboga.

"Baba, ulikuwa umelala?" nikamfokea Njoroge mbele ya watu. "Utadanganya watu hadi lini?"

Akaikodolea ile karatasi. "Lakini mum, si iko sawa?"

Hapo nikajua haoni ile rangi. Yale maneno niliyomfokea hayakuwa yake. Yalikuwa ya kukuambia wewe, yamekaa kifuani mwangu miaka thelathini, yakamwangukia mtu wa jina lako.

Tulichapisha upya, kisha nikampeleka kliniki ya macho. Kwenye kitabu cha vidoa vya rangi mimi niliona namba. Yeye aliona vidoa tu. Daktari akauliza kama kwetu kuna mwingine wa hivyo. Nilicheka, halafu nikalia.

Alinieleza, na kwa kuwa ni hesabu nilishika haraka. Maagizo ya mwili yako kwenye jeni, na jeni zimepangwa kwenye kromosomu. Ile ya kutofautisha nyekundu na kijani iko kwenye kromosomu X. Mwanamume ana X moja tu, ya mamake. Ikiwa na kasoro, hana nyingine ya kumwokoa. Mwanamke ana mbili, na moja nzima inamtosha. Kaka zangu uliwapa Y, ndiyo maana wanaona vizuri. Mimi ulinipa hiyo X yako, kwani hukuwa na nyingine ya kunipa. Ninaona kwa ile ya mama, lakini yako nimeibeba, na kila mvulana niliyemzaa alikuwa na uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuirithi. Wa kwanza aliponyoka. Shangazi anasema Njoroge amefuatwa na jina lako. Nilimwambia jina nilimpa akiwa ameshazaliwa. Macho alikuja nayo.

Sasa sikia. Njoroge anataka kusomea umeme, na nyaya za umeme hutambuliwa kwa rangi.

"Mum, usiambie mtu," aliniomba. "Nitakuwa nakutumia picha kwa simu, wewe unaniambia tu ni rangi gani."

Nilikataa. Nilimwambia picha ya shosho tulichapisha upya, lakini waya ukikosewa mtu anakufa. Aseme mwenyewe chuoni; wakimkataa, tutatafuta kazi nyingine. Siku tatu alifanya kazi kwenye mashine ya mwisho akinipa mgongo, nami nikaanza kujiuliza kama nimemzimia ndoto kwa sababu ya hasira yangu na wewe.

Jana asubuhi aliweka fomu ya chuo kwenye kaunta. Palipoulizwa kuhusu afya alijaza kwa mkono wake, kisha akanisomea kwa sauti, duka limejaa: "Sitofautishi nyekundu na kijani."

Sijui kama watamchukua. Mteja mmoja aliinua kichwa, akamtazama, akauliza kama vitabu vyake vya risiti viko tayari.

Ni hivyo tu, Baba; hakuna aliyemcheka. Hicho tu ndicho ulichokiogopa maisha yako yote.

Pumzika. Hasira bado ninayo, ila imepungua nusu.

Ni mimi,
binti yako mkubwa