Pia tatu za mchele

Jumanne, Mei 1996

Nilisema maumbo mawili ya pia, yale ya kuchongoka, yatajaza mcheduara mmoja, ule wa umbo la kopo, nikakosea mbele ya darasa zima. Mtihani wa darasa la saba umekaribia na ujazo bado unanitisha.

Nyumbani nilimwonyesha mama maumbo tuliyokata kwenye karatasi zilizochapwa na mwalimu. Pia iliyochongoka inaingia ndani ya mcheduara, mdomo na kimo sawasawa. Mama ni mfinyanzi, hakusoma. Nilipomwuliza pia ngapi zitaujaza mcheduara, aliyatazama tu.

"Zitaingia tatu."

"Umejuaje, mama?"

"Nyie mna rula. Mimi chungu kikichongoka chini najua kimeninyima maji kiasi gani."

Tukamimina mchele. Tatu kamili.

Watu husema macho nimechukua kwake. Naomba iwe kweli.